Kipande cha Kuonjea Wembe

Karatasi nyeusi zilimwishia Mama Kadi saa mbaya, saa kumi na moja na nusu jioni, duka la vifaa vya ofisi likiwa karibu kufungwa. Alivaa ndala mlangoni bila kuangalia, akatoka mbio. Alipofika barabarani ndipo akagundua kwamba ya kulia ni ya mwanawe wa miaka saba, kisigino chake chote kinakanyaga vumbi. Hakurudi. Mwenye oda ya kadi thelathini za mahafali hana muda wa kutafuta jozi.

Jina hilo la Mama Kadi alipewa na mtaa, kwa kazi yake. Sebuleni kwake, mahali ambapo wengine huweka televisheni, palikaa mashine ya umeme ya kukatia karatasi, ukubwa wake kama mkoba wa safari. Ukichora kitu kwenye kompyuta, mashine inakikata: jina la bibi harusi, ua, ndege, chochote. Alitengeneza kadi, alibandika majina kwenye vikombe na mifuko ya zawadi. Lakini kilichompa sifa ni kadi za kivuli. Unampa picha ya mtu iliyopigwa kutoka ubavuni. Yeye anaufuata mstari wa paji, pua, midomo na kidevu, mashine inaukata uso huo kwenye karatasi nyeusi, kisha anaugandisha juu ya kadi nyeupe. Kivuli hicho hakina macho, hakina rangi, lakini anayekiona husema papo hapo, "Ee, huyu ndiye mwenyewe!"

Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kuanza kazi ya mteja, alionja wembe. Alikata kwanza kipande cha majaribio ili ajue kama wembe bado una makali, na kipande hicho kilikuwa kimoja siku zote: kivuli cha binti yake. Ndicho cha kwanza alichowahi kuchora, na ndicho kigumu kuliko vyote, maana alikuwa amechora hadi kope zake, saba, nyembamba kama nyuzi. Kope saba zikitoka safi, wembe ni mzima. Akishaona hivyo, kipande kilikwenda kwenye kapu la taka pamoja na mabaki mengine. Alikuwa amemkata na kumtupa mwanawe mara mia na ushei, na hakuwahi kuliwazia jambo hilo.

Binti mwenyewe aliitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Baba yake alifariki Chiriku akiwa hajajua kutembea, na tangu hapo nyumba ile ilikuwa ya watu wawili na maneno elfu.

Mama Kadi aliporudi na karatasi zake, giza lilikuwa linaanza kuingia vyumbani. Chumba cha pili, ukuta mmoja na wake, cherehani ilikuwa inakwenda. Hiyo ilikuwa ya Bi Pindo, fundi wa nguo, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni asubuhi mpaka usiku. Ndiye aliyekuwa akimwangalia Chiriku kila mama yake alipotoka.

"Mdogo wangu," alisema Bi Pindo bila kuacha kukanyaga, akimpima kwa jicho kama alivyompima kila mtu, "umekonda inchi moja tangu asubuhi. Na hiyo ndala umemnyang'anya nani?"

"Nimechelewa, dada, usinicheke."

"Sikucheki. Nakuhurumia kisigino."

Chiriku alitoka nyuma ya kitambaa akiwa ameshaanza hadithi katikati, kuhusu mwalimu na chaki iliyopotea. Wakaongozana hadi mlangoni kwao.

Kwenye benchi la wateja alikuwa ameketi mwanamke.

Hakuwa mzee, wala hakuwa kijana. Alivaa gauni la rangi ambayo Mama Kadi hakuweza kuikumbuka baadaye, na magoti yake yalibeba bahasha kubwa ya khaki. Alinukia kitu... Mama Kadi alijaribu kukijua. Mshumaa. Mshumaa uliopulizwa sasa hivi, moshi wake bado haujaisha.

"Karibu, mama. Umengoja sana?"

"Sana," alisema yule mgeni, taratibu.

Waliingia. Mama Kadi akapeleka mkono kwenye swichi.

"Usiwashe."

Ilikuwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona. Mkono wa Mama Kadi ulibaki hewani.

"Macho yangu hayapendi taa. Kioo cha kompyuta yako kinatosha."

Kila mteja na kituko chake. Mama Kadi alifungua kompyuta, mwanga wake ukajaa mezani na kutupa kivuli cha kikombe ukutani, kivuli cha mkasi, kivuli chake mwenyewe. Mgeni alitoa picha nne kwenye bahasha. Mzee mmoja, wanawake wawili, kijana mmoja mwenye sare ya ulinzi. Zote zilikuwa zimepigwa kutoka ubavuni, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeonekana kujua kwamba anapigwa picha.

"Ndugu zako hawa?"

"Watakuwa."

Mama Kadi alicheka kidogo, akidhani ni mambo ya ndoa. "Nivigandishe kwenye kadi nyeupe au za rangi ya maziwa?"

"Usivigandishe. Nipe vyenyewe. Na mabaki. Kila kipande utakachokata leo, nakitaka."

Akalipa kabla ya kazi, bila kuomba apunguziwe, jambo lililomfurahisha Mama Kadi kuliko ilivyostahili. Alibandika karatasi nyeusi kwenye mkeka wa kunata, akausukuma mkeka mashineni, akaonja wembe.

Zzii... tik. Zzii... tik.

Kope saba zilitoka safi. Akakiweka pembeni, akaendelea na wale wanne. Mlangoni Chiriku alikuwa bado na chaki yake: mara mwalimu kakasirika, mara chaki imeonekana kwenye sikio la mtu. Mashine ilipomaliza, Mama Kadi alikwangua mkeka kama alivyozoea, mkono mmoja ukizoa vyote, vivuli, mabaki, chengachenga, akavitia ndani ya bahasha. Mgeni akaukunja mdomo wa bahasha.

"...halafu mwalimu akasema—"

Chiriku hakumaliza.

Mama Kadi alishukuru. Mungu amsamehe, alishukuru kwa ule ukimya, maana alikuwa na kadi thelathini zinamsubiri. Alipoinua kichwa, mgeni alikuwa ameshaondoka na harufu ya moshi ilikuwa imebaki.

Asubuhi Chiriku aliamka bila kuitwa. Alioga, akavaa, akala alichopewa.

"Umelala vizuri?"

"Ndiyo."

"Unaumwa?"

"Hapana."

Mama Kadi alimgusa shingo, hakuwa na joto. Akamtazama ulimi. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo kwa kawaida yule mtoto humaliza maneno ya wiki nzima kabla ya chai kupoa. Sasa alikaa kitini, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini.

"Twende nje ukanisaidie kuanika," alisema mama yake, akiogopa bila kujua anaogopa nini.

Jua lilikuwa kali uani. Mama Kadi alianika shuka, Chiriku akampa vibanio kimoja kimoja. Shuka lilitupa kivuli chake chini. Ndoo ilikuwa na kivuli. Kamba ilikuwa na kivuli, mstari mwembamba uliopita juu ya mchanga, ukapita miguuni pa mtoto, ukaendelea upande wa pili.

Ukaendelea moja kwa moja.

Mama Kadi alisogea. Alimshika mtoto bega, akamgeuza huku, akamgeuza kule. Chini kilionekana kivuli chake mwenyewe tu, mkono wake mweusi umeshika hewa.

Alimbeba mwanawe ndani kama mtoto mchanga, akamkalisha kitandani, kisha akalipindua kapu la taka katikati ya sebule. Alichambua kila kipande akiwa amepiga magoti, majina ya wahitimu, pembe za maua, nusu ya ndege. Alitafuta uso mdogo wenye kope saba. Alitafuta huku akijua, maana mikono yake ilikuwa imeshamkumbusha ilichofanya jana.

"Nimempa," alisema peke yake. "Nimempa kwa mkono wangu."

Bi Pindo aliposikia habari ile hakufanya mzaha hata mmoja, na hilo lilimtisha Mama Kadi kupita yote. Alikuja, akamsimamisha Chiriku dirishani penye jua, akatazama sakafu. Kisha akavuta kiti.

"Nilidhani ameshakufa yule," alisema kwa sauti ya chini. "Mie nilikuwa mwanafunzi bado. Bibi aliyenifundisha kushona alipata mteja jioni, mwanamke anayenuka mshumaa. Alitaka shati. Bibi akamwambia mlete mwenye shati nimpime. Yule akasema mwenyewe hawezi kuja, kipime kivuli chake hiki hapa. Bibi akaona kweli, kivuli cha mwanamume kiko ukutani... na hapana mtu aliyekitupa."

"Akashona?"

"Akakataa. Akamfungia mlango. Lakini yule alisema neno nje, nililisikia kwa masikio yangu: kivuli hakitoki mkononi mwangu mpaka kingine kiingie."

"Nitampa kingine. Nitampa changu, dada. Mimi nimeshaishi."

Bi Pindo akamfuta machozi kwa ncha ya futi yake.

"Watu wa namna ile huitwa kwa kazi. Weka karatasi nyeusi mlangoni jioni, usiwashe taa. Mie nitakuwa hapa hapa nyuma ya ukuta, nashona. Maadamu unasikia cherehani yangu, ujue hauko peke yako. Sitaacha kukanyaga mpaka aondoke."

Mchana Mama Kadi alikwenda dukani kununua karatasi ile, na mlangoni pa benki akamwona kijana mlinzi aliyemkata jana. Sasa akamjua: ndiye aliyekuwa akipiga mluzi kila mtu akipita. Alikuwa amesimama juani, wima, mikono mapajani. Watu walipita mbele yake, hakuwaona. Mama Kadi aliangalia chini penye miguu yake, halafu akaondoka haraka.

Jua lilipozama, karatasi nyeusi ilikuwa kizingitini. Chiriku alikaa kwenye mkeka wa kulalia, macho wazi. Nyuma ya ukuta cherehani ilikwenda, trrr, ikapumzika, trrr, ikaendelea.

Harufu ilifika kwanza.

"Umeniita," alisema mgeni. Alikuwa ameshaketi.

"Nipe cha mwanangu."

"Cha mwanao nimeshakitumia."

Mama Kadi alishika ukingo wa meza. Alikuwa ametayarisha maneno ya kusihi, ya kutukana, ya kuapa; yote yalimtoka. "Basi chukua changu umpe yeye. Kikate. Mashine hiyo hapo."

"Kinyozi hajinyoi," alisema mgeni, karibu kwa huruma. "Mkono wako ndio unaokata. Chako hakikatiki. Lakini humo kwenye kompyuta una nyuso nyingi. Chagua mmoja."

"Yeyote?"

"Awe anampenda mtoto. Bila hivyo hakishiki."

Trrr, ilisema cherehani.

Mama Kadi alifungua kompyuta. Nyuso zilijipanga kwenye kioo, safu kwa safu: maharusi, walimu, mabosi wanaostaafu, mapacha. Watu waliopendana wao kwa wao. Hakuna aliyemjua Chiriku. Alishuka chini, akashuka tena, ingawa alijua kilicho mwisho wa safu, kwa sababu ndicho alichokichora wiki ile ile, kwa siri. Ijumaa iliyofuata Bi Pindo angetimiza miaka sitini. Alikuwa amempiga picha akiwa ameinamia kazi, akamwambia ni ya kujaribu simu. "Ngoja nitoe futi," alikuwa amesema Bi Pindo, halafu akacheka. "Hapana, iache. Bila futi nani atanijua?" Na kweli alikuwa yeye hasa: videvu viwili, kilemba, na futi ikining'inia shingoni.

"Mpe mtu mwingine," Mama Kadi alinong'ona. "Nakuomba. Tafadhali."

Mgeni akasogeza karatasi nyeusi karibu na mashine.

Pale kwenye mkeka Chiriku alipumua. Hakulia, hakuomba chochote. Alikuwa na miaka saba, na angekaa hivyo, mikono mapajani, mpaka azeeke.

Bi Pindo ni mtu mzima, Mama Kadi alijiambia. Ameshacheka vya kutosha. Nitamtunza. Nitamlisha kwa mkono wangu. Na pengine, kwa kuwa ni mtu mzima, atajua namna ya kukaa bila... Alijiambia mengi, na hakuna hata moja aliloliamini, na wakati huo wote vidole vyake vilikuwa vinabandika karatasi.

Safari hii hakuonja wembe.

Zzii... tik.

Trrr, nyuma ya ukuta. Trrr.

Zzii... tik. Kilemba. Paji. Pua.

Trrr.

Zzii. Midomo, ambayo ilimchukua saa nzima kuichora kwa sababu haikutaka kufungwa hata pichani. Kidevu. Kidevu cha pili. Futi, polepole, inchi kwa inchi.

Tik.

Cherehani ilinyamaza.

Mama Kadi alingoja. Alisema moyoni, anabadilisha uzi. Anakata kitambaa. Anatafuta pini. Alingoja mpaka hakuwa na kitu kingine cha kujiambia.

Mgeni alikichukua kile kipande, akakipulizia, akamrudishia. Kilikuwa na uzito ambao karatasi haina. "Mwekee chini ya nyayo." Mama Kadi alipiga magoti gizani, akainua miguu midogo ya mwanawe, akakitandaza pale.

"—chaki ilikuwa sikioni mwake muda wote, mama! Watu tulicheka!"

Alimkumbatia. Alilia kwa furaha kubwa kiasi kwamba aliona aibu, akambusu kichwa, masikio, viganja. Chiriku alikuwa anasema yote aliyoyaweka tangu jana, bila kituo, na kila neno lilikuwa zuri. Mgeni hakuwepo tena. Mama Kadi alisimama, mwanawe kiunoni, akawasha taa.

Ukutani palikuwa na vivuli viwili. Chake alikijua.

Cha pili kilikuwa kikubwa, chenye kilemba. Mtoto aliinua mkono kumfuta mama yake machozi, nacho kikainua mkono mnene. Shingoni pake kitu chembamba kilining'inia, kikiyumba taratibu.

Bi Pindo hakufa. Walimkuta ameketi kwenye cherehani, mguu juu ya kikanyagio, nguo imeshonwa nusu. Siku hizi hukaa kwenye benchi la wateja. Ukimuuliza kama ameshiba anasema ndiyo. Ukimuuliza kama anaumwa anasema hapana. Majirani wanasema ni ugonjwa wa kupooza na wanamsifu Mama Kadi kwa utu wake, maana anamwogesha, anamlisha, anamfunga kilemba vizuri kila asubuhi, na anahakikisha hakai juani.

Mashine imefunikwa kwa shuka. Taa ya sebuleni haiwashwi ila kwa lazima.

Na Chiriku anaongea. Anaongea mpaka majirani wanacheka na kuziba masikio, na mama yake husikiliza kila neno, akichunguza lipi ni la mtoto. Ijumaa jioni ile, siku ambayo kadi ya Bi Pindo ilikuwa ikabidhiwe, Chiriku alirudi kutoka nje na futi mkononi. Alikuwa ameitoa shingoni pa mgonjwa, naye hakumzuia.

"Simama wima," alisema.

Mama Kadi alisimama. Viganja vidogo vilipita begani kwake, vikashuka mgongoni, vikazunguka kiunoni kwa haraka ya mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka arobaini. Mtoto alisoma namba kwenye mwanga mdogo wa dirishani, akatikisa kichwa.

"Umekonda inchi moja," alisema, "mdogo wangu."